Lenzi pana ya zumu si lazima itoe picha hafifu

Wapiga picha wengi Dar es Salaam huamini kwamba lenzi pana (inayonasa eneo kubwa) isiyozumu, yaani isiyoweza kuvuta picha karibu au mbali, daima hutoa picha kali kuliko ya zumu ya bei nafuu. Imani hiyo ina chanzo: tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa wazi kabisa, kona za picha za zumu nyingi hulegea, yaani hukosa ukali. Ukilibana tundu hadi f/8 (namba ya f ikikua, tundu hupungua), tofauti hupungua sana, mara nyingi huioni. Kabla ya kulipa pale Kariakoo, weka kamera kwenye stendi, tumia milimita 24 (kipimo cha upana wa lenzi) kwa lenzi zote mbili, piga vibao vya maduka ng'ambo ya barabara, kisha kuza herufi za pembeni. Kwenye mwanga hafifu ndipo isiyozumu inapolipa kweli: kwa mfano, f/2.8 yake huingiza mwanga mara mbili ya f/4 ya zumu. Kwa harusi ya usiku ukumbini, ningeichukua hiyo bila kusita.