Kiharusi kwa kijana: VVU vinaingiaje?

Swali: Mdogo wangu ana miaka 31, bodaboda hapa Masasi. Juzi akinywa chai, kikombe kilimponyoka, mdomo ukapinda, maneno hayaeleweki. Wazee wanasema kapigwa na jini.

Jibu: Pole, dada. Hicho ni kiharusi: mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka. Mtu wa namna hiyo akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe Ndanda au Ligula. Wa Lindi waende Sokoine. Msimpe uji wala maji, maana koo nalo hulegea, akapaliwa. Chale ziacheni. Aspirini nayo isubiri picha ya CT, kwani kama mshipa umepasuka, itazidisha damu kuvuja.

Swali: Presha hana, sukari hana. Sasa wanataka kumpima VVU. Mkono kupooza na VVU wapi na wapi?

Jibu: Wengi hukasirika hapo, wakidhani wametukanwa. Lakini VVU visipotibiwa huchakaza kuta za mishipa na kuifanya damu igande upesi. Kinga ikishuka, TB ya utando wa ubongo, kaswende, hata virusi vya mkanda wa jeshi huivamia mishipa hiyo hiyo. Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa 2016, ulikadiria kuwa kwa wenye miaka 45 kushuka chini, VVU vilihusika na takriban asilimia 42 ya viharusi. Na mgonjwa anaweza kuwa hajakonda wala kukohoa. Kiharusi ndicho kinachomfichua. Mimi ningemshangaa daktari asiyeomba kipimo hicho. Si kwamba kila kijana aliyepooza anavyo: moyo na sikoseli navyo huleta kiharusi.

Swali: Akikutwa navyo?

Jibu: Ataanzishiwa dawa za kufubaza virusi, bure. Akiwa na TB ya ubongo au fangasi wa ubongo, daktari huanza na hayo, ARV zikasubiri wiki kadhaa. Miezi 6 ya mwanzo ya dawa ni ya kuangaliwa kwa karibu, kwani kinga inapoamka inaweza kuichokoza mishipa. Akisikia ganzi au kichwa kikali, arudi haraka, ila dawa asiache.

Swali: Na mkewe?

Jibu: Apime, na watoto pia. Akiona haya kupanga foleni, kuna kipimo cha kujipima mwenyewe kwa majimaji ya kinywani. Kikitoa mistari miwili, aende kituoni wakathibitishe.