Msimulizi si mwandishi, jamani

Nimeletewa tena uchambuzi wa riwaya ambao kila aya inaanza na "mwandishi anasema". Mwandishi anasema wanawake hawaaminiki. Mwandishi anasema mjini ni kwa wajanja. Nikaifungua riwaya yenyewe. Maneno yote hayo yanatoka kinywani mwa mlevi mmoja, tena akiwa baa anakwepa deni! Nafundisha fasihi na kuhariri hadithi, na uzembe huu umenichosha.

Mandhari na wahusika havisumbui watu sana. Ploti nayo, mkishajua kwamba ni matukio yanayosababishana na si orodha ya matukio, mmemaliza. Kwenye usimulizi ndiko tunakoangushana.

Aliyeandika jina lake liko kwenye jalada, ana ukoo, analipwa mrabaha. Anayesimulia ameumbwa kama wahusika wengine walivyoumbwa. Chukueni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. "Mimi" wa mle ndani ni Kongowea Mswahili, aliyekulia Tanga kisha akaenda Kenya kumtafuta baba yake. Walibora alizaliwa magharibi mwa Kenya. Sasa ukiandika "Walibora anatueleza maisha yake ya utotoni Tanga", umesoma kitabu gani?

Nadhani chanzo ni ngano. Fanani anasema "Paukwa!", tunaitikia "Pakawa!", naye yuko hapo hapo mbele yetu, tunamwona. Lakini bibi akibana sauti na kumwigiza Sungura anavyomlaghai Fisi, hakuna mjukuu anayeondoka pale akisema bibi ni mlaghai. Mtoto mdogo analijua hilo bila kufundishwa. Akifika kidato cha tatu, akapewa kitabu na kalamu, linamtoka.

Nafsi ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu hapo hata walimu wenzangu huandika "msimulizi maizi", yaani ajuaye yote, wakafunga mjadala. Someni sentensi hizi, nimezitunga mwenyewe:

"Mwajuma akasogea dirishani. Lile jitoto la wifi yake lilikuwa limeshaanza kulia. Na huyo bwana naye, angerudi lini?"

Nani kasema "jitoto"? Sarufi ni ya nafsi ya tatu, hakuna "mimi" hata mmoja, wala hakuna "aliwaza" wala "alijiuliza". Hata hivyo dharau ile ni ya Mwajuma. "Huyo bwana naye" ni ulimi wake, na uchovu ni wake. Msimulizi amemsogelea mpaka sauti zao zimechanganyika. Badilisheni neno moja tu, muweke "mtoto" badala ya "jitoto", muone jinsi Mwajuma anavyofifia kwenye sentensi hiyo. Mchambuzi atakayeandika kwamba mwandishi hapendi watoto amemsingizia mtu.

Tena huyo "maizi" mwenyewe simwamini sana. Tunaambiwa anajua yote, ya ndani na ya nje. Katika riwaya za upelelezi huyo huyo ajuaye yote anatuficha jina la muuaji mpaka kurasa za mwisho, huku akitupitisha katika mawazo ya watu wengine wote. Basi anachagua cha kusema, na huo uchaguzi ndio wa kuchambua. Vitabu vya kiada vinalipita jambo hili kimya.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe sina jibu la uhakika. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, mhusika mkuu Karama, aliyeshtakiwa, anajitetea kwa kirefu kuhusu haki na elimu ya sheria. Je, ni Karama tu anayesema? Kitabu kilitoka wakati wa ukoloni, na mtunzi alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Ni vigumu kuamini kwamba hakuwa na lake la kusema, na mpaka kati ya sauti hizo mbili siwezi kuuchora. Ninachowadai wanafunzi ni utaratibu. Kwanza andika "Karama anasema", kisha onyesha umefikaje kwa Shaaban mwenyewe. Ushahidi upo. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ambayo ni tawasifu, "mimi" ni yeye. Weka kurasa hizo kando ya utetezi wa Karama, linganisha hoja kwa hoja, na pale zinapoachana useme zimeachana.