Simu kutetema hisia: watu wanavyodhani na ukweli wenyewe

Wazo lenyewe ni simu kumpa asiyeona hisia za mwenzake kwa mtetemo. Hizi ni dhana zinazozunguka wazo hilo.

Dhana: Asiyeona hawezi kujua kama mwenzake amenuna au amefurahi.

Anajua sana, sauti inamwambia. Mkae naye kwenye benchi la muuza kahawa Kariakoo uone: atakutajia nani anacheka kwa dhati na nani anachekacheka akikwepa deni. Kinachompita ni yale ya kimya, kama tabasamu au uso uliokunjwa, na hapo ndipo watafiti walipolenga. Mwaka 2010, watafiti wa Arizona State University, Marekani, walionyesha glavu yenye vimota 14 mgongoni mwa vidole, iliyopeleka sura 7 za uso kwa mtetemo. Huko Umeå, Sweden, walijaribu jambo hilohilo kwa simu ya mkononi.

Wapo pia wanaodai kwamba aliyezaliwa haoni hajui kutabasamu. Picha za wanajudo wasioona, wakiwemo waliozaliwa hawaoni, kwenye Paralimpiki ya Athens, 2004, zilionyesha nyuso zilezile za ushindi na za kushindwa walizonazo wanaoona.

Dhana: Mtetemo mkali ni hasira, laini ni mapenzi, kila mtu ataelewa.

Hasira inashtua, lakini hata bao la dakika ya mwisho linashtua. Mtetemo unaeleza vizuri ukubwa wa msisimko. Kama ni wa heri au wa shari, lazima mkubaliane kwanza. Na cha kukubaliana ni mdundo zaidi kuliko ukwaruzo, yaani mtetemo kuhisika laini au wa kuparuza. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 2005, watu walitambua midundo kwa asilimia 93, wakati ukwaruzo wa mtetemo waliutambua kwa asilimia 80. Kwenye iPhone unaweza hata sasa kugonga mdundo wako kwenye kioo na kumwekea mtu mmoja, mama au bosi, ili akipiga umjue.

Dhana: Simu yoyote inafaa.

Simu nyingi za bei nafuu zina kimota chenye kichuma kilichoelemea upande mmoja. Kasi ikipanda, nguvu nayo inapanda. Huwezi kubadili kimoja ukaacha kingine. Tena kinachelewa kuanza na kusimama, kwa hiyo mapigo mafupi yanaungana yakawa mngurumo mmoja. Halafu panda nayo daladala la Gongo la Mboto, kiti chenyewe kinatetema kuanzia kituoni. Simu ikiwa mfukoni, hiyo furaha ya rafiki yako utaisikia ukishashuka.

Dhana: Mtetemo utachukua nafasi ya sauti ya simu.

Hauwezi. TalkBack ya Android na VoiceOver ya iPhone, programu za kusoma kioo kwa sauti zilizoingia kwenye simu mwaka 2009, ndizo zinazosoma ujumbe. Ila zinasoma emoji kwa majina, na kwenye magrupu yetu hakuna anayetuma moja. Shangazi akibandika vicheko vingi katikati ya taarifa ya mazishi kuahirishwa (hutokea, kidole kikiteleza), msikilizaji anatajiwa nyuso zenye machozi ya furaha kabla ya kuambiwa mazishi ni saa ngapi. Mdundo mmoja mfupi ungebeba vicheko vyote hivyo, sauti ikaenda moja kwa moja kwenye saa.