Taa Kali Si Kuona Vizuri: Tunavyokosea Kuhusu Mwanga wa Ndani na Nje

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni hii: taa ya getini ikiwa kali, mwizi hana pa kujificha. Nimeishi na taa ya namna hiyo kwa miaka, imefungwa juu ya nguzo ikitazama barabarani, nikiamini inatulinda. Usiku mmoja nilirudi, na hatua tano tu kutoka nilipo, chini kabisa ya nguzo ile, kulikuwa na mtu amesimama. Sikumwona mpaka aliponisalimu. Alikuwa jirani yetu. Nilipoinua kiganja kuikinga taa isinipige machoni, uso wake ukatokea wazi, pamoja na mfuko wa mkate alioubeba.

Ukweli ni kwamba mwanga unaoingia jichoni moja kwa moja hutawanyika humo ndani na kutanda kama ukungu juu ya kile unachotaka kukiona. Mboni nayo hujibana, na kivuli kilicho kando huzidi kuwa cheusi. Jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Taa kali huyavuruga yote hayo kwa sekunde chache. Taa ndogo yenye kofia, inayomwaga mwanga chini, itakuonyesha sura ya aliyesimama getini. Ile kubwa inayotazama mbele inamficha. Jaribu kiganja leo usiku uone.

Wati nazo zinatudanganya. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800, na LED ya wati 8 au 9 inatoa hizo hizo. Soma lumeni kwenye boksi.

Wengine husema taa nyeupe pee ndiyo inayoonyesha rangi halisi. Hapa watu wanapoteza fedha. Kelvini zilizoandikwa kwenye boksi, 2700 kwa mwanga wa kimanjano na 6500 kwa mweupe wa kibuluubuluu, zinaeleza rangi ya mwanga wenyewe tu. Uaminifu wake kwa rangi za vitu ni kipimo kingine, huandikwa CRI au Ra, na mwisho wake ni 100. Taa nyingi za bei rahisi zina upungufu wa wekundu, ndiyo maana nyanya na nyama huonekana zimepauka chini yake, hata ngozi ya mtu.

Tuliwahi kununua kitambaa cha sare ya harusi jioni, kutoka majora mawili. Chini ya taa za duka yote ilikuwa zambarau moja. Kesho yake juani, nusu ya akina shangazi walikuwa wamevaa zambarau na nusu wameelekea kwenye damu ya mzee. Rangi mbili zilizotengenezwa tofauti zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Nunua mchana, na utoke na kitambaa hadi mlangoni. Taa za sodiamu za mgandamizo mdogo, zile za manjano zilizowahi kufungwa barabarani, ndizo zilizopitiliza kwa kuficha rangi: hutoa manjano ya aina moja tu, na chini yake huwezi kutofautisha gari jekundu na la kijani.

Kusoma kwenye mwanga hafifu hakuharibu macho, huyachosha. Lakini umri unabadilisha mambo. Mtu wa miaka 60 hufikiwa na takriban theluthi moja ya mwanga unaofika ndani kabisa ya jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hiyo mama akisema haoni, usimwonyeshe taa ya dari na kumwambia umeme upo. Taa ile iko katikati ya jiko, naye ameipa mgongo. Kivuli cha kichwa chake mwenyewe kimelala juu ya kibao, palepale kisu kinapokutana na kitunguu. Mama yangu tulimfungia taa fupi chini ya kabati la vyombo, mbele ya mikono yake. Ile ya dari siku hizi hata haiwashi.