Si Presha, Si Kulogwa: Yanayosemwa Kuhusu Ugonjwa wa Wasiwasi, na Ukweli Wake

Mwaka jana, katika taksi ya kwenda Ntinda, hapa Kampala, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alimshika konda mkono akamwambia, "Mwanangu, simamisha, nakufa." Tulishuka naye. Akakaa ukingoni mwa barabara, gomesi imelowa jasho mgongoni, vidole vimekakamaa kama vya mtu aliyeshika kikombe. Watu wakakusanyika. Wa kwanza akasema ni presha. Wa pili akasema huyu ana watu wabaya kwao. Wa tatu akaleta soda. Baada ya dakika kumi hivi pumzi ikamrudia, akafuta uso, akatuomba radhi kwa kutuchelewesha.

Sikuwa namjua yule mama, lakini hali ile naijua. Nimeishi nayo karibu miaka miwili, na waliyoyasema wale watu niliambiwa mimi pia, nikayaamini moja baada ya jingine. Kila moja lilinichelewesha kupata tiba.

"Hiyo ni presha, au vidonda vya tumbo"

Moyo ukienda mbio, kifua kikibana na tumbo likiwaka moto, mtu hukimbilia moyo na tumbo. Mimi nilipimwa presha mara nyingi, nikanywa omeprazoli kwa miezi. Tumbo halikupoa, kwa sababu ugonjwa haukuanzia tumboni.

Ukweli ni kwamba presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu hutembea nayo miaka bila kujua. Hofu ya ghafla ndiyo yenye kelele. Hupanda, hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka yenyewe. Ukipumua haraka kupita kiasi, hewa ya kaboni daioksaidi hupungua katika damu, na ndiyo maana midomo hufa ganzi na vidole hukakamaa. Inatisha mno, lakini shambulio lenyewe haliui.

Hata hivyo, usijitibu kwa kusoma maneno yangu. Maumivu ya kifua ya mara ya kwanza ni ya kupelekwa hospitali. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu vinaweza kuleta mapigo yaleyale ya moyo, na musawo, yaani daktari, aliye mzuri hupima hayo kwanza. Shida huanza pale vipimo vyote vinapotoka safi, unaambiwa "huna kitu", unarudishwa nyumbani. Kitu unacho. Wasiwasi wa karibu kila siku unaodumu miezi 6 na zaidi, usingizi kukatika, misuli kukaza, kuepuka masoko, mikutano au magari: huo ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na mojawapo ya magonjwa ya wasiwasi. Yule mama wa Ntinda hakuwa peke yake.

"Amelogwa"

Hapa nasema kwa heshima, maana mimi ni mtu wa dua na sitaiacha. Dua ilinishikilia usiku mwingi. Lakini hakuna dini ninayoijua inayomkataza mgonjwa kwenda kwa tabibu, na sijaona kwa nini ugonjwa wa kichwa utengwe na ugonjwa wa goti. Kinachoniuma ni zile fedha za ada ya shule zinazoishia kwa mganga, kisha mgonjwa anarudi na hofu mbili: ile ya kwanza, na hofu ya jirani aliyetajwa kuwa ndiye mchawi. Hofu ya pili huila familia nzima.

"Ukitafuta tiba ya akili utapelekwa Butabika, na Butabika ni kwa vichaa"

Neno Butabika limegeuzwa tusi. Watoto wanatupiana shuleni: nenda Butabika! Hospitali yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1955, ni hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili, na ina kliniki ya wagonjwa wa nje: watu wanaokuja asubuhi na faili zao, wanaonwa, wanarudi nyumbani kupika. Huduma za kawaida pale ni bure. Na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inamtambua mgonjwa anayekuja kwa hiari yake mwenyewe. Kwenda kuomba msaada si kujifungia.

Isitoshe, huenda usilazimike kufika Butabika kabisa. Hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Gulu, Arua, Mbale na Masaka zina vitengo vya afya ya akili. Ukiwa kijijini, anza na kituo cha afya cha ngazi ya nne, uulize kama kuna muuguzi au ofisa tabibu wa magonjwa ya akili, au siku ya kliniki hiyo ni ipi. Chama cha Mental Health Uganda nacho kina simu ya bure ya ushauri, kwa asiyeweza kutoka nyumbani.

Ukifika, jua uko mbele ya nani. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili na ofisa tabibu huandika dawa. Mwanasaikolojia na kaunsela hutibu kwa mazungumzo. Mtu yeyote anaweza kubandika kibao cha kaunsela mlangoni, kwa hiyo muulize amesomea wapi, amesajiliwa na chama gani, amewatibu wangapi wenye tatizo kama lako. Mwenye ujuzi wake hatakasirika. Akikasirika, beba mkoba wako uondoke.

"Maneno tu hayatibu, ya wazungu hayo"

Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Wenyeji wa kawaida, si madaktari, walifunzwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi vya tiba ya mazungumzo kwa watu wenye sonona. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, na waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakupewa tiba hiyo. Ilikuwa sonona, si wasiwasi, lakini hoja ya wazungu ilikufa pale, kwenye mikeka ya Masaka.

Kwa wasiwasi, tiba yenye ushahidi mzuri ni ile ya kubadili fikra na tabia. Mara nyingi ni vikao 6 hadi 20. Wala si kukaa kulia tu, kama nilivyodhani. Mtaalamu wangu alinipa kazi. Wiki ya kwanza: nenda stendi, simama karibu na taksi dakika ishirini, usipande. Nilisimama pale kama mwizi anayevizia, mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Dakika ya kumi na tano moyo ukachoka kukimbia. Wiki iliyofuata nikapanda na kushuka kituo cha kwanza. Kisha cha tatu. Kisha nikakaa kiti cha nyuma kabisa, dirishani, watu wanne kati yangu na mlango. Kila safari niliandika: nilitabiri nini, kilitokea nini. Nilitabiri kufa mara kumi na moja.

"Dawa zake zitakufanya teja"

Hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Diazepamu, ambayo wengi huiita Valium na hununua duka la dawa kama pipi, inaweza kukuzoesha ikitumiwa kila siku kwa wiki nyingi. Lakini dawa ambazo madaktari huanza nazo siku hizi kwa ugonjwa huu, kama sertralini na fluoksetini, ni za aina nyingine. Hazileti ulevi. Huchukua wiki 2 hadi 6 kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kukuongezea mashaka kidogo au kichefuchefu. Hapo ndipo wengi huzitupa. Usizikatize ghafla hata ukijisikia umepona, zipunguzwe na aliyekupa. Wakati mwingine dawa zinakosekana hospitali ya serikali, utaambiwa ukanunue; uliza papo hapo kama ipo ya bei nafuu.

Linganisha na tunachojipa wenyewe. Waragi, ile pombe kali, hutuliza saa tatu usiku na hukuamsha saa kumi alfajiri na moyo unadunda. Mairungi, yaani miraa, na vinywaji vya kuongeza nguvu huukimbiza moyo ambao tayari unakimbia.

"Hakuna atakayenielewa kwa Kiswahili"

Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini kliniki nyingi za Kampala bado zinazungumza Kiluganda na Kiingereza. Nimemwona mama Mkongo akieleza ndoto zake kupitia mwanawe wa miaka kumi na miwili. Alipofika kwenye yale aliyoyaona njiani, alinyamaza, na musawo akaandika kuwa hana la kuongeza. Tafadhalini, tusiwafanye watoto wakalimani wa mambo haya. Omba mtu mzima, au mtaalamu aliyewahi kufanya kazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, ambako Kiswahili kinasikika kila siku. Omba bila aibu.

Na kama mawazo yamefika mahali unatamani kutokuwepo, usisubiri siku ya kliniki. Nenda leo, na mtu wa kukushika mkono.

Kwa wengine wote, siku ya kwanza ulimi huwa mzito, basi andika karatasi. Mimi niliandika: moyo unanienda mbio bila sababu, mara tatu kwa wiki, tangu Machi. Silali. Nimeacha kupanda taksi. Nimechoka. Musawo aliisoma, akaikunja, akasogeza kiti chake karibu na changu, akaniuliza Machi kulitokea nini.