Je, wajua nyumba ukiiziba sana inaweza kujaa mionzi?

Disemba 1984 huko Pennsylvania, Marekani, jamaa anaitwa Stanley Watras alikuwa akipita kwenye mashine ya kupima mionzi kazini kwake, mtambo wa nyuklia wa Limerick, mashine inapiga kelele. Utasema kaipata kazini, ila mtambo ulikuwa bado haujawashwa, na mashine ilikuwa inalia hata asubuhi akiwa ndo anaingia. Kumbe anatoka nayo nyumbani!

Mchawi mwenyewe ni gesi inaitwa radoni, haina rangi wala harufu. Udongo na mawe karibu kila mahali vina uraniamu kidogo, ile inavunjika taratibu sana mpaka inafika kwenye rediamu, na rediamu ndo inazaa radoni, ambayo inapenya juu kupitia nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Nje upepo unaitawanya, basi yameisha.

Shida ni ndani. Watu wanataka bili ya kupasha joto ishuke, wanaweka madirisha ya vioo viwili, mpira mlangoni, kila katundu kanazibwa, na joto kweli halitoki, lakini hewa nayo haitoki. Hesabu yake nyepesi tu, radoni ikiendelea kuingia ile ile halafu hewa inayobadilishwa ikapungua nusu, basi ndani inakaribia kuwa mara mbili. Tena hewa ya moto inapanda na kuponyokea huko juu, huku chini nyumba inanyonya hewa ya udongoni kama mtu anayevuta soda kwa mrija, kwa hiyo ukiziba madirisha ukaiacha sakafu na nyufa zake, hapo umeziba njia ya kutokea ukaacha ya kuingilia 😅

Uingereza mwaka 2014 watafiti walipiga hesabu wakaona kuziba nyumba bila kuongeza njia za hewa kungepandisha wastani wa radoni ndani kwa zaidi ya asilimia 50. Na si gesi ya kuchezea, inatajwa ya pili baada ya sigara kwa kuleta saratani ya mapafu, maana ikivunjika inaacha chembe za poloniamu zinazoganda mapafuni na kupiga mionzi ya alfa humo humo.

Sasa usianze kung'oa madirisha. Ziba nyufa za sakafu, na pitisha bomba chini yake lenye feni inayovuta ile gesi na kuitupa juu ya paa, halafu kuna mitambo ya hewa inayoingiza hewa mpya huku ikilibakiza joto ndani. Ila pima kwanza, kuna kipimo kidogo cha radoni unakiacha chumba cha chini kabisa kama miezi 3 hivi, WHO wanataka isizidi bekereli 100 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) kwa mita moja ya ujazo.