Ushahidi wa kimazingira ni nini hasa?

Kila mara kesi ikizungumziwa kwa mat utasikia mtu akisema "si hakuna mtu alimwona, kwani watamfunga na nini?" Watamfunga na ushahidi wa kimazingira, yaani vipande vya mambo yaliyozunguka tendo, na unaweza tosha peke yake bila shahidi hata mmoja aliyeona tendo lenyewe.

Chukua ploti moja huko Umoja. Meko ya mama wa chini imeibiwa mchana na hakuna aliyeona mlango ukifunguliwa, lakini soja wa geti anasema saa nane kijana wa juu alitoka na gunia zito, halafu mwenye duka la gesi anasema saa tisa kijana huyo huyo alimuuzia meko ya kilo sita, na mama akiletwa pale anaitambua kwa rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe kwa kishikio. Hakuna ameona wizi. Kila mtu ana kipande chake, sasa hakimu ndiye anaviunganisha.

Lakini sio kuunganisha tu ovyo, na hapa ndio watu wengi hawaelewi. Kuna kesi ya Kipkering arap Koske, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1949, mpaka leo inatajwa kortini. Ilisema hayo mambo yote lazima yawe hayawezi kupatana na mshtakiwa kuwa hana hatia, na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya maana isipokuwa kwamba ni yeye. Kwa hivyo kama funguo ya huyo mama huwa kwa keateka, na keateka ndiye alimpa kijana hiyo gunia amuuzie, basi mnyororo umekatika. Mwaka 1958, kwa kesi ya Simoni Musoke, majaji wakaongeza kwamba lazima uangalie pia kama kuna kitu kingine pembeni kinachodhoofisha hiyo picha.

Shuku sio ushahidi, hata ploti nzima ikishuku. Mi huumia sana nikiona mtu akipigwa mtaani juu ya "sote tunajua ni yeye", na hakuna hata aliyemuuliza meko aliitoa wapi.

Kortini hilo swali huulizwa. Ukipatikana na mali iliyoibiwa juzi tu na huna maelezo, korti inaweza kuchukulia wewe ndiye mwizi. Hiyo "juzi" nayo inategemea ni kitu gani, manake simu inaweza pita mikono mitatu kwa siku moja hapa tao.